Kupata M1911 iliyotumika jeshini kweli

Ndugu, umeuliza kama mkusanyaji anayeanza, tena anayeishi Marekani, anaweza kumiliki M1911, bastola ya zamani ya jeshi la Marekani, ambayo askari aliibeba kweli, si nakala ya dukani. Inawezekana, na kihalali kabisa. Anza na Civilian Marksmanship Program, shirika la kukuza mchezo wa shabaha kwa raia, wanaouza M1911 za ziada za jeshi. Maombi walianza kupokea mwaka 2018. Uwe umetimiza miaka 21 na uwe mwanachama wa klabu ya shabaha inayotambuliwa nao. Utachunguzwa rekodi mara mbili: kwao, kisha kwa muuzaji mwenye leseni atakayekukabidhi bastola.

Ukiipata, itazame vizuri. Ubavuni mwa fremu, yaani kiunzi cha chini chenye mshikio, utaona UNITED STATES PROPERTY. Usishtuke slaidi, yaani sehemu ya juu inayoteleza, ikiwa ya kiwanda cha Colt na fremu ya Remington Rand, maana karakana za jeshi zilizifungua, zikazisafisha na kuziunganisha upya bila kujali kipuri kilitoka kiwanda gani. Kwangu mchanganyiko huo ndio historia yenyewe. Tafadhali usiipake rangi mpya wala kuing'arisha. Utaua thamani yake.

Usichanganye na M9, bastola ya Beretta iliyochukua nafasi ya M1911 jeshini: M9 za madukani ni toleo la raia, hazikugawiwa askari.

Jihadhari sana na bastola za aina hii zenye jina la Singer, kampuni ya cherehani. Zilitengenezwa takriban 500 tu, na bei yake kubwa imezaa bandia nyingi. Ukiuziwa moja mnadani, omba picha za karibu za namba na mihuri, umwoneshe mtaalamu kabla hujatoa hata senti.