Raundi moja ni mita ngapi? Jinsi ninavyohesabu umbali nikiogelea

Kwa karibu miezi 4 nilikuwa naamini naogelea kilomita moja kila nikiingia kwenye maji. Bwawa lilikuwa la mita 25, nilisoma kwenye programu moja ya mazoezi kwamba raundi 20 ndo kilomita, basi mi nikawa nagusa ukuta, moja, narudi nagusa tena, mbili, mpaka 20 natoka nimeridhika kabisa. Siku nimejiunga na kikundi kocha akasema tuanze na mita 1,000 taratibu, nikafika 20 yangu nikasimama, nikashangaa wenzangu wanageuka wanaendelea tu. Nilikuwa nusu. Mita 500. Iliniuma kusema kweli, maana nilikuwa nimeshaandika kwenye daftari kilomita nyingi ambazo sikuwahi kuziogelea.

Tatizo ni hilo neno raundi. Kuna watu raundi kwao ni ukuta mmoja hadi mwingine, na kuna watu raundi ni kwenda na kurudi, na wote wana hoja maana anayetoka kukimbia uwanjani amezoea raundi ni kurudi pale ulipoanzia. Aliyeandika ile programu alimaanisha kwenda na kurudi, yaani mita 50 mara 20. Kwenye mashindano lakini wanahesabu ukuta hadi ukuta, ndo maana mita 1,500 kwenye bwawa la mita 50 inahesabiwa 30, na kwenye la mita 25 inakuwa 60. Mi siku hizi ukuta hadi ukuta naita safari, na mtu akiniambia ameogelea raundi 30 namuuliza kwanza, ni mita ngapi? Ukipewa programu yoyote fanya hivyo hivyo, igeuze iwe mita kabla hujalowa.

Na kabla ya mita, jua bwawa lako lina urefu gani. Usikisie, uliza wahusika. Ya mashindano ni mita 50 au 25, ila Marekani mabwawa mengi ni ya yadi 25, ambayo ni mita 22.86, unaona ni karibu sawa lakini safari 40 humo zinakupa mita 914 tu, ili utimize 1,000 unahitaji 44. Hata ile wanayoita maili kule, yadi 1,650, safari 66, ni kama mita 1,509, wakati maili kamili ni 1,609. Mabwawa ya mahotelini ndo usiseme, unakuta 12, unakuta 17, mengine yamepinda kama figo, hapo mi naacha kabisa kuhesabu umbali naogelea kwa muda, dakika 20 au 30, imeisha hiyo.

Kwenye mashindano wanakuwa makini sana na urefu wa bwawa, bwawa haliruhusiwi kupungua hata kidogo, likizidi lizidi sentimita moja tu. Mwaka 1972 kwenye Olimpiki ya Munich, mita 400 za mitindo mchanganyiko, Gunnar Larsson wa Sweden alimshinda Tim McKee wa Marekani kwa sehemu 2 tu za elfu moja ya sekunde! Baadaye wakaamua kuishia kwenye sehemu za mia moja ya sekunde tu, na mi naona ni haki, maana leni moja, yaani njia ya muogeleaji mmoja, ikizidi nyingine milimita chache tu tayari tofauti yote ile imeshamezwa.

Sasa kuhesabu kwenyewe. Kichwa kinapotea kwenye maji, hasa ukifika 12, 13 hivi, unaanza kuwaza kazi, unageuka, unajiuliza hii ni 14 au 16. Kilichonisaidia ni kuacha kuhesabu mpaka 40. Nahesabu mia mia. Safari 4 kwenye bwawa la mita 25 ni mia, namaliza nasema mia moja, naanza upya moja mpaka nne, kwa hiyo kichwani hakuna namba kubwa hata siku moja. Na ile namba ya safari naitaja kila nikivuta pumzi, tatu, tatu, tatu, mpaka ukutani, isipate nafasi ya kutoka.

Halafu angalia uko ukuta gani. Ukianzia upande wa kina kifupi, kila namba shufwa lazima ikukute upande huo huo, na witiri upande wa pili. Ukijikuta kule mbali na kichwani una 8, umekosea, hakuna mjadala. Hata kwenye mita 800 na 1,500 za mashindano wanatumia hiyo, wasimamizi wanamuonyesha muogeleaji vibao vya safari zilizobaki upande wa mbali na vina namba witiri tu, kisha zikibaki safari 2 na mita 5 anapigiwa kengele au filimbi. Kama waogeleaji wa kiwango hicho wanahesabiwa na mtu mwingine, wewe usijilaumu ukipotea.

Ila ukuta haukamati kosa la safari mbili, na hilo ndo linatokea sana, unaruka kwenda na kurudi nzima. Hapo inakuja saa ya ukutani. Mi mita 100 naenda dakika 2 na nusu hivi, kwa hiyo 1,000 ni dakika 25, nikimaliza saa inasema 23 na sekunde 45 na sikuongeza kasi popote, basi najua kuna mita 50 sijaogelea, naenda nazimalizia.

Saa za mkononi zinazohesabu zenyewe ni nzuri lakini zinategemea umeiwekea urefu sahihi wa bwawa, na inajua umegeuka kutokana na mwendo wa mkono na kule kujisukuma ukutani, kwa hiyo ukisimama katikati kurekebisha miwani inaweza kukuongezea safari, na ukishika ubao ukapiga miguu tu mara nyingi haihesabu kitu. Seti za miguu naziandika mwenyewe. Na nikibishana na saa au na kichwa changu, 18 au 20, naandika 18.