Manteca si siagi, ila ukivuka bahari: maswali yenu ya Kihispania cha maziwa

Toleo lililopita tulimaliza samaki, nikaahidi kwamba zamu hii itakuwa ya maziwa na vitokanavyo nayo. Barua zimenijia nyingi kuliko nilivyotarajia. Nimechagua hizi, maana nyingi zilizobaki zinauliza mambo yaleyale.

Mwalimu, shikamoo. Nahudumu mezani katika hoteli moja Nungwi. Wageni wa Kihispania wananichanganya kwenye kahawa tu. Huyu anataka cortado, yule con leche, na juzi mmoja kaagiza manchado. Nilipotafuta neno hilo kwenye simu nikaambiwa maana yake "yenye doa". Nikaenda kumbadilishia kikombe!

Marahaba, mwanangu. Simu haikukudanganya. Manchado kweli ni "iliyotiwa doa", ila kinachotiwa doa ni maziwa: yanajaa kikombe, kahawa inadondoshewa kidogo tu. Cortado inatokana na *cortar*, kukata. Ni kahawa nzito ya kikombe kidogo, ukali wake umekatwa kwa maziwa kiasi. Café con leche ndiyo ya nusu kwa nusu, na asubuhi ndiyo wengi wanayoagiza. Ukimpata mtu wa Málaga anaweza kukuomba *nube*, yaani wingu: maziwa karibu matupu, kahawa ya kusingizia. *Sombra*, kivuli, inaizidi nube kahawa kidogo. Na wa Valencia akitaka *bombón*, mtilie maziwa mazito matamu ya kopo chini, kahawa juu, usikoroge. Akoroge mwenyewe.

Usiondoke mezani kabla ya kuuliza: *¿La leche, caliente, templada o fría?* Ya moto, vuguvugu, au baridi. Wahispania hawalichukulii hilo kama swali la adabu tu. Mpelekee ya moto mtu aliyetaka templada, utamwona anavyokitazama kikombe.

Mimi ni Muislamu wa Mombasa, nasoma Valencia. Nimenunua biskuti, kwenye orodha ya viungo wameandika manteca. Mwenzangu wa chumba, Muajentina, anasema hiyo ni siagi, nile bila wasiwasi. Je, ni kweli?

Ziweke kando kwanza. Mwenzako hakukudanganya, kakujibu kwa Kihispania cha kwao. Argentina, Uruguay na Paraguay, manteca ni siagi, ile ya kupaka mkate. Hispania siagi ni *mantequilla*, na manteca ikitajwa peke yake ni mafuta ya nguruwe. Neno lilelile, bahari ya Atlantiki katikati, na kwako wewe hiyo ndiyo tofauti ya halali na haramu.

Mwezi wa Desemba ndio wa kuwa macho zaidi. Maduka yanajaa *mantecados* na *polvorones*, vile vibiskuti laini vinavyovunjika mdomoni kama kashata kavu. Mji wa Estepa, mkoa wa Sevilla, umejijengea jina kwa kuvitengeneza, na kwa desturi hukandwa kwa manteca de cerdo. *Ensaimada* ya Mallorca, ule mkate mtamu uliozungushwa kama konokono, nayo ni hivyohivyo: *saïm* kwa lugha ya kisiwani ni mafuta hayohayo. Siku hizi wapo wanaotumia mafuta ya zeituni, na pakiti huandikwa *de aceite de oliva*. Hizo ndizo za kutafuta.

Usije ukaogopa kila manteca, lakini. Tazama kinachofuata baada ya *de*: manteca de cacao ni mafuta ya kakao, nguruwe hayumo.

Kwa kuwa uko huko, jifunze na *cuajo*, kile kinachogandisha maziwa yawe jibini. Cuajo animal hutoka tumboni mwa ndama au mwanakondoo. Anayetaka kuepuka swali la mnyama kachinjwaje aulizie jibini la *cuajo vegetal*. Torta del Casar la Extremadura, kwa mfano, hugandishwa kwa maua ya mmea wa miiba uitwao *cardo*. Ni jibini la maziwa ya kondoo, laini kiasi kwamba hukatwa juu kama kifuniko, kisha watu wakachovya mkate. Harufu yake ni kali. Mwenzako wa chumba atakuja kuuliza kuna nini.

Mgeni akisema "sin lactosa" na mwingine akisema "alérgico a la leche", si kitu kimoja? (Mpishi wa kambi, Karatu)

Hapana, na kosa hapa linaweza kuishia hospitali. *Intolerante a la lactosa* tumbo lake halimudu sukari ya maziwa. Mpe maziwa yaliyoandikwa *sin lactosa*, atakunywa vizuri. *Alérgico* mwili wake unapambana na protini ya maziwa, na protini hiyo imo hata kwenye hayo ya sin lactosa. Huyo usimpe maziwa, siagi, jibini, wala supu iliyotiwa krimu "kidogo tu". Atakuuliza: *¿Lleva leche?* Llevar ni kubeba, lakini mezani maana yake "kina maziwa ndani?" Kama huna hakika, rudi jikoni ukaulize. Usijibu *no* kwa kumfurahisha.

Nafuata mapishi ya mtandaoni. Mwanamke wa Madrid anatia nata, wa Mexico anatia crema, wa Bogotá anasema crema de leche na kuhusu nata anakunja uso. Nani mkweli?

Wote, kila mtu na kwao. Nata ya Madrid ni krimu: *para cocinar* ina mafuta kama asilimia 18, *para montar* asilimia 35, na hii ya pili ndiyo inayopigika ikasimama juu ya keki. Ukipiga ya kwanza mkono utakuuma bure. Huyo wa Bogotá akisikia nata anaona ule utando unaokaa juu ya maziwa yaliyochemka, ambao watoto wa huko huuondoa kwa kijiko kama wanavyofanya wa kwetu. Mexico wanasema crema, na ya kwao mara nyingi ina uchachu.

Ukiomba crema tu dukani Hispania unaweza kuoneshwa supu nzito ya maboga, au kama mimi mwaka wangu wa kwanza, ukapelekwa kwenye rafu ya mafuta ya uso. Nilisimama pale nikisoma chupa, nikijiuliza ipi ya kutia kwenye uyoga.

Na maziwa yaliyochemshwa na sukari mpaka yakawa kahawia?

Argentina ni *dulce de leche*, Colombia *arequipe*, Chile *manjar*. *Cajeta* ya Mexico kwa asili ni ya maziwa ya mbuzi.

Mimi ni wa Eldoret, nafanya kazi Pamplona. Nimekosa mursik, maziwa yetu ya kuchacha ya kibuyu, mpaka naota. Niulizie nini dukani?

Pole, ndugu. Usiombe *leche agria*, watadhani unalalamika kwamba yameharibika. Maziwa ya kuchacha, mala yenu, utayakaribia kwa *kéfir*, au nenda duka la Wamoroko ukaombe *leben*. Mtindi mzito ni *yogur natural*, na hakikisha pakiti imeandikwa *sin azúcar*, bila sukari.

Lakini umesema Pamplona! Hapo mezani kwenu kuna *cuajada*: maziwa ya kondoo yaliyogandishwa kwa cuajo, si kwa uchachu, huliwa kwa asali. Zamani wachungaji wa Navarra na Wabaski waliyamimina kwenye chombo cha mti kiitwacho *kaiku*, chenye shingo iliyolala upande, kisha wakatumbukiza mawe yaliyowekwa motoni mpaka yakaiva. Maziwa yalichemka palepale, na ladha ya kuungua ikabaki. Ladha hiyo bado inatafutwa. Si mursik, uchachu haumo, lakini mtu aliyekua akinywa maziwa ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa hataona ajabu. Tafuta iliyoandikwa *sabor a quemado* au *requemado*.

Nilimwambia mama mwenye nyumba "tienes mala leche" nikitaka kumjulisha kwamba maziwa yake yameharibika. Hajanisemesha tangu jana. (Salamanca)

Umemwambia ana roho mbaya. Mwombe radhi leo, atacheka. Maziwa yakiharibika sema *la leche está mala*, yakikatika *se ha cortado*. Na usiyaweke katika wingi kwa sababu Kiswahili kinasema "maziwa haya". *Leche* ni moja, ya kike kisarufi: la leche fría. *Leches* nyingi ni makofi.

Nakariri orodha usiku, asubuhi zimeyeyuka. Na matamshi je?

Achana na orodha. Nenda na jokofu. Hispania kifuniko cha buluu ni *entera*, kijani ni *semidesnatada*, cha waridi ni *desnatada*, isiyo na mafuta. Shika chupa, taja jina, mimina.

Matamshi usiyaogope, ulimi wako unayo tayari. Leche isome kama ilivyoandikwa. *Que* ni "ke", kwa hiyo *queso* ni "keso". Ile *d* ya mwisho kwenye desnatada ni dh ya "dhahabu", *g* ya yogur ni gh ya "ghali", *ñ* ya queso añejo ni ny ya "nyanya". Dulce, Hispania ni "dulthe" kwa th ya "thelathini", Amerika ni "dulse". *Ll* ya mantequilla wengi huitamka y: "mantekiya". Buenos Aires wangeitamka "mantekisha", ila wao, kama tulivyoona, wana manteca yao.