Gesi ikivuja, huungana na hewa au huchanganyika nayo?

SWALI: Mwalimu, salaam. Fundi wa mitungi hapa Majengo husema gesi ikivuja "huungana na hewa". Binti yangu wa kidato cha tatu amemkosoa, eti aseme "huchanganyika". Nani yuko sahihi?

JIBU: Binti. Katika kemia, vitu vikiungana huzaa kitu kingine. Tia haidrojeni na oksijeni chupa moja, ujazo 2 kwa 1: hapo zimechanganyika tu, kila moja na tabia yake. Zipate cheche, zilipuke, yatokee maji: sasa zimeungana. Hewa tunayovuta ni naitrojeni takriban asilimia 78 na oksijeni 21, na zimechanganyika tu. Ndiyo maana viwanda huigandamiza na kuipoza hadi iwe kioevu, kisha huzitenga kwa joto: naitrojeni huchemka kwenye nyuzi -196, oksijeni -183. Zingekuwa zimeungana, hila hiyo isingefaa kitu.

Ila neno la fundi lina ila kubwa zaidi: linaficha hatua. Gesi ya mtungi huwa ni propani na butani: propani ni nzito kuliko hewa kama mara moja na nusu, butani mara mbili. Zikivuja polepole jikoni pasipo upepo hutambaa chini; hapo sema gesi "imetuama" sakafuni. Kisha "husambaa", yaani chembe zake hutoka penye wingi kwenda penye uchache. Kiwango kikiwa kimoja kila pembe, "imechanganyika sawasawa", na ikishafika hapo haishuki tena chini kwa uzito wake. Tofauti hii si ya darasani tu: gesi hii hushika moto ikiwa kama asilimia 2 hadi 10 ya hewa, na ikituama, kiwango hicho hufikiwa sakafuni wakati pua yako bado haijasikia harufu. Aambiwaye "imetuama" atafungua mlango, hatatosheka na kidirisha cha juu, wala hatagusa swichi.

Wazee wa Kimvita watakwambia "imetanganyika". Ni kitenzi kilekile, kitamu kusikia, ila kwenye mtihani andika cha sanifu. "Mchanganyiko sare" siupendi, maana msomaji huwaza nguo za shule au mechi ya bao moja kwa moja. "Mchanganyiko ulio sawa kote" unatosha.

Upatanisho nao uangaliwe. "Gesi imechanganyika na hewa", kwa kuwa kiima ni gesi pekee. "Gesi na hewa zimechanganyika", kwa kuwa ni viwili. "Gesi zimechanganyika na hewa" ni sahihi pale tu gesi zilizovuja ni zaidi ya moja, na kwenye mtungi wenye propani na butani, ndivyo ilivyo.