Maswali ya Wasomaji: Namba ya simu, gunia na otomata

SWALI: Habari za kazi, mhariri. Nasoma stashahada ya kompyuta. Tumepewa zoezi la kuchora otomata yenye hali zenye ukomo (mashine ya kufikirika inayosoma alama moja moja, ikihama hali hadi hali kwa kufuata mishale) inayopokea namba ya simu ya mkononi: 0, kisha 6 au 7, kisha tarakimu nane zozote. Nimechora hali 10, nikaandikiwa "haijakamilika". Nimekosea wapi?
Mwanafunzi, Mtwara

JIBU: Umehesabu tarakimu, hukuhesabu hali. Hali ni kumbukumbu ya kilichokwisha kusomwa, na hata kabla ya tarakimu ya kwanza mashine huwa iko mahali fulani. Tarakimu 10 zinadai hali 11, yaani H0 hadi H10.

Hapo bado. Otomata kamili inataka kila hali iwe na mshale mmoja kwa kila alama, hapa kila tarakimu 0 hadi 9, usizidi wala usipungue. Ukiwa H0 ukasoma 3, unakwenda wapi? Ongeza hali ya 12, iite Shimo: ukitumbukia hutoki, mishale yake yote inairudia yenyewe. Jumla ni hali 12 na mishale 120. (Inayokwenda pamoja chora mmoja tu, uandike 0–9 juu yake. Usijitese.)

Wengi huteleza kwenye H10, ile ya kukubali, yenye duara la mistari miwili. Huizungushia mshale wake wenyewe, na namba ya tarakimu 11 ikapita bila kuulizwa. Mishale yote ya H10 iende Shimo.

Ukitaka ipokee na +255, usichore njia nyingine mpaka mwisho. Aliyekwisha kusoma +255 amebakiza kile kile alichobakiza aliyesoma 0, kwa hiyo mrudishe H1. Hali zinaongezeka tatu tu.

SWALI: Je, mchoro wa namna hiyo unaweza kukagua daftari la ghala la korosho? Gunia likiingia naandika I, likitoka T, na jioni ghala liwe tupu.
Karani, Newala

JIBU: Kama ghala lako linabeba gunia 50 na si zaidi, ndiyo: hali 51 za hesabu, kuanzia 0, pamoja na Shimo. Bila kikomo, haiwezekani. Chukua mashine yoyote yenye hali 12, uilishe I mara 0, mara 1, hadi mara 12. Hizo ni hesabu 13 kwa hali 12, basi mbili zitaangukia hali moja. Tuseme 4 na 9. Sasa ongeza T nne. Wa gunia 4 kamaliza, wa 9 kabakiza 5, lakini mashine haiwatofautishi: itawakubali wote au itawakataa wote.

Dawa yake hapo ni kaunta moja, yaani kihesabio kinachopanda na kushuka bila kikomo. Ila gunia zikiwa za madaraja mawili, na zinatolewa kwa kuanzia la juu kabisa, kaunta nayo haitoshi, kwani mashine lazima ijue la juu ni daraja gani. Hiyo ndiyo otomata ya rundo: inaona la juu tu, na la mwisho kupangwa ndilo la kwanza kushushwa.