Re: Mkataba wa pango unatosha kujiandikisha Berlin?

Habari ndugu. Kumbe kundi la WhatsApp linasema mkataba unatosha kujiandikisha makazi, na kwenye uzi mwingine humu jukwaani umesoma tofauti.

Angalia tarehe ya jibu kwanza. Tangu 1 Novemba 2015 sheria ya Ujerumani inataka barua ya anayekupa nyumba, Wohnungsgeberbestätigung, kuthibitisha kwamba umehamia. Mkataba peke yake hautoshi. Ushauri wa kabla ya hapo ulikuwa sawa wakati wake, basi. Pakua fomu ya barua hiyo, anayekupa nyumba ajaze, asaini. Una wiki mbili tangu uhamie, na kupata miadi ya ofisi ya kujiandikisha Berlin ni kasheshe, kwa hiyo itafute leo na utunze uthibitisho wake.

Kundi usilitoke. Humo ndimo nilimopata chumba, na hata duka la unga wa sembe. Ila swali la karatasi likiulizwa asubuhi, jioni limeshazikwa chini ya salamu za Ijumaa na video za harusi. Humu mtu akikosea anasahihishwa, na masahihisho yanabaki.

Halafu, kama umepangishwa chumba na mpangaji mwenzako, anayesaini ni yeye, si lazima mwenye jengo.