Familia ya Phelps wa Topeka: kinachofanya kazi ni kamera inayosubiri

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Kwanza, kama ile filamu ya BBC ya mwaka 2007 ya mtangazaji Louis Theroux kuhusu familia ya Phelps kweli ni filamu ya uangalizi, yaani ile ambayo kamera inatazama tu bila kuingilia. Pili, inakuwaje mtangazaji hagombani nao, lakini ukimaliza kuitazama unabaki na uzito kifuani. Mimi ni mhariri wa video, na filamu hii huwa nawawekea vijana wanaokuja kwangu kujifunza kuediti, kwa hiyo niwie radhi nikiwa mrefu.

Kwa ambao hawajaiona: Westboro Baptist ni kanisa dogo la Topeka, jimbo la Kansas, lililoanzishwa mwaka 1955 na mchungaji Fred Phelps. Waumini wake wengi ni watoto, wakwe na wajukuu zake. Tangu 1991 wanasimama barabarani na mabango ya kuwalaani mashoga, na baadaye wakaanza kwenda hadi kwenye mazishi ya wanajeshi waliofia Iraq, wakimshukuru Mungu kwa vifo hivyo kwa madai kwamba ni adhabu kwa taifa la Marekani.

Swali la kwanza halinichukui muda. Kwa maana kali ya neno, siyo filamu ya uangalizi. Frederick Wiseman, mtengeneza filamu wa Marekani, ndiye kipimo cha aina ile: hahoji mtu, haweki sauti ya msimulizi, haonekani. Theroux anaonekana karibu kila mahali, anauliza, na anasimulia. Cha uangalizi pale ni mwenendo wa kamera. Inabebwa mkononi, inawafuata garini, jikoni na barabarani, na wanaendelea na shughuli zao huku wakijibu. Jean Rouch, Mfaransa aliyepiga picha Niger kwa miaka mingi, aliamini kwamba kamera ikiwachokoza watu kidogo inaweza kutoa ukweli ambao kamera iliyojificha haiupati. Theroux yuko upande huo.

La pili ndilo zito. Kumbuka hawa watu mabishano ndiyo kazi yao. Fred alikuwa wakili kabla hajafutwa uwakili Kansas mwaka 1979, na wengi wa watoto wake wamesomea sheria. Baba wa mwanajeshi mmoja aliwashitaki kwa kuja kwenye mazishi ya mwanawe, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 2011 wakashinda kwa majaji 8 dhidi ya 1. Aliyesimama kuwatetea mbele ya majaji ni Margie, binti wa Fred mwenyewe. Sasa mtangazaji akija na hoja zake za dakika tano atawafanya nini? Kila swali kuhusu mabango lina jibu lililokwishapangwa, na mstari wa Biblia juu yake.

Theroux anachofanya ni kuuliza kitu kidogo cha nyumbani, kisha kunyamaza. Mtazame Shirley, binti wa Fred aliyekuwa msemaji wao mkuu. Anajibu haraka, anacheka, anarusha neno kali. Kwenye habari za saa mbili tungekata pale pale sentensi inapoisha. Hapa mhariri mara kwa mara anaiacha shoti, yaani kipande cha picha kisichokatwa, iendelee, na katika zile sekunde ambazo hakuna anayesema kitu unaanza kumsoma usoni mtu ambaye sekunde moja nyuma ulikuwa unasikia kaulimbiu yake tu. Hizo sekunde ni uamuzi wa mtu aliyekaa mbele ya kompyuta akakataa kukata.

Nayajua haya kwa mikono yangu. Tuliwahi kupiga picha kwa familia moja huku bara, baba akiwa kiongozi wa kikundi cha maombi kinachokataa hospitali. Sebuleni, tulipomkalisha kwenye kiti, tukawasha taa na kumbana maiki kwenye shati, alituhubiria mpaka betri ikaisha. Tukahamia uani, ambako mama alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Nikamuuliza tu kuhusu watoto, nani wa kwanza, nani wa mwisho. Alikuwa akitaja majina huku vidole vikitoa chuya, kimoja kimoja. Alipofika kwa mtoto mmoja vidole vikasimama juu ya ungo, halafu vikaendelea, naye akaruka kwa mtoto anayefuata. Mtayarishaji alitaka tukiondoe kipande hicho kwa kuwa "hakuna maneno". Niligoma. Baada ya kipande kile hotuba nzima ya baba ikasikika tofauti.

Rudi kwa Fred sasa. Mahojiano naye ni mafupi na ana hasira. Theroux anamuuliza ana watoto wangapi. Mzee anakataa kujibu, analiona swali la kipuuzi. Alikuwa na watoto 13, na baadhi yao walishaondoka wakakata mawasiliano na familia. Swali lililohitaji namba moja tu limegonga mlango ambao hoja yoyote ya teolojia isingeufikia.

Kuna vipande viwili vya watoto ambavyo lazima uvitazame pamoja. Katika kimoja, mtoto aliyeshika bango anaulizwa lina maana gani na hawezi kueleza. Katika kingine, gari linapita, mtu anarusha kikombe cha kinywaji na kinampata mtoto. Kamera ilikuwepo na haikugeuka. Mpaka hapo ulikuwa upande wa wapita njia wanaopiga honi na kutukana, na ghafla huwezi tena kuwa upande wao. Ukimweka msimulizi aseme "watoto ndio wanaoumia", umeua kila kitu.

Jambo lingine watu hulipita. Kabla ya Theroux, mtengeneza filamu mmoja alikwenda Topeka na kamera yake kuwachunguza watu hawa, akaishia kuhamia kwao na mke na watoto na kuwa muumini. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaosema Theroux angejitoa kabisa kwenye picha. Familia hii ni wakarimu, wachangamfu, wanachekesha, na kamera ikikaa nao muda mrefu bila mtu wa nje ndani ya fremu, mtazamaji anaanza kuzoea. Uso wa Theroux anaposhangaa ndio unaotukumbusha tumesimama wapi. Hata pale wanapoandamana mbele ya duka kwa sababu linauza mashine za Sweden za kufyonza vumbi, kwa kuwa Sweden ilimshitaki mchungaji mmoja kwa mahubiri yake dhidi ya mashoga, yeye anauliza tu, taratibu, hadi mantiki yao inyooke yenyewe mbele yako.

Ninachokipinga ni jina la filamu, lenye maana ya familia inayochukiwa kuliko zote Marekani. Kwao chuki ya ulimwengu ni ushahidi kwamba wako sahihi mbele ya Mungu, kwa hiyo jina lile ni zawadi. Pia nyuso za watoto wadogo zimeachwa wazi sana. Wazazi walikubali, sawa, lakini mtoto huyo atakuwa mtu mzima na ile shoti itakuwepo.

Ukitaka kuona mbinu ambayo filamu moja haiwezi kuwa nayo, yaani muda, tazama hii ya 2007 kisha zile alizorudi kuzitengeneza, ya 2011 na ya 2019. Mfuate Megan, binti wa Shirley. Mwaka 2007 yumo kati ya wasichana wenye mabango, ana majibu tayari. Novemba 2012 aliondoka, babu yake akafariki 2014, na mwaka 2019 anazungumza na Theroux yule yule akiwa mtu wa nje. Anza na hizo, halafu rudi hapa uniambie shoti zipi wewe usingezikata.