Wi-Fi inakatika simu ikizima kioo: kabla hujanunua rauta mpya, chomeka chaji kwanza

Mkuu, nimesoma malalamiko yako. Ukizima kioo na kuiweka simu mezani, baada ya dakika chache Wi-Fi inakatika. Ukiiwasha, meseji za WhatsApp zinaingia kwa mkupuo kama nyuki waliotikiswa mzinga, na laptop iliyo hapo hapo mezani haina shida yoyote. Umeshaizima na kuiwasha simu upya, umeshausahau mtandao na kuunganisha upya, sasa unauliza ununue rauta gani. Subiri kidogo. Huo ujinga mimi nimeshaufanya, tena kwa hela ya mtu mwingine, na nitakusimulia hapo chini.

Tatizo hili linachanganya watu kwa sababu "simu imelala" inaweza kuwa na maana tatu. Inawezekana redio ya Wi-Fi ndiyo imelala. Inawezekana redio iko macho ila programu ndiyo imelazwa. Na inawezekana simu haina kosa kabisa, ni rauta iliyoona kimya ikadhani umeshaondoka, ikafunga mlango. Ukiangalia kioo cha simu yote matatu yanafanana, na ndiyo maana ushauri wa humu umekuwa wa kila mtu na lake. Jamaa anayekwambia uweke 8.8.8.8 anakutakia mema, lakini hiyo ni seva ya Google ya kutafutia anwani za tovuti kwa majina yake, haiamshi simu.

Kipimo cha kwanza ni cha bure. Leo usiku iache simu kwenye chaji, kioo kimezimwa, halafu kesho usiku iache bila chaji mahali pale pale. Kama kwenye chaji meseji zinaingia kwa wakati na bila chaji haziingii, basi rauta iache kama ilivyo, mhusika ni usimamizi wa betri wa simu. Android kuanzia toleo la 6, mwaka 2015, ina kitu Google walichokiita Doze, yaani kusinzia. Simu ikiwa haiko kwenye chaji, haitikisiki na kioo kimezimwa kwa muda, mfumo unazinyima programu mtandao na kuzifungulia dirisha mara moja moja wapitishe mizigo yao. Kadiri simu inavyokaa bila kuguswa, ndivyo dirisha moja linavyokuwa mbali na lingine. Toleo la 7 likaongeza usingizi mwepesi ambao hauhitaji simu itulie, kwa hiyo hata ikiwa mfukoni unatembea nayo, inasinzia. Ukichomeka chaji Doze haifanyi kazi. Ndiyo maana nasema chaji ni kipimo.

Sasa utauliza, mbona WhatsApp za wengine zinaingia usiku kucha? Kwa sababu simu ikilala, meseji haiji kwa WhatsApp moja kwa moja. Simu yenye huduma za Google ina njia moja iliyo wazi kwenda kwa seva za Google, mara nyingi kupitia poti 5228, na programu nyingi zinapigiwa hodi kupitia hapo. Hodi ikiwekewa alama ya haraka, inapenya hata simu ikiwa kwenye Doze. Ila watengenezaji wengi wa simu za bei ya kwetu wameongeza ukali wao juu ya ule wa Android: kioo kikizima tu, programu inauawa kabisa. Hodi ikifika, hakuna wa kuitikia. Hapo ingia kwenye mipangilio ya simu, tafuta WhatsApp kwenye orodha ya programu, fungua sehemu ya betri, chagua ile inayoiruhusu ifanye kazi bila kizuizi. Kama simu yako ina sehemu ya programu zinazojiwasha zenyewe, iruhusu na huko. Na ile programu ya kusafisha simu na kuongeza betri uliyopakua, ifute. Sijawahi kuona iliyomsaidia mtu.

Kama simu yako ni ya zamani kidogo, fungua mipangilio ya juu ya Wi-Fi uangalie kama kuna swali la Wi-Fi kubaki imewaka simu ikilala, lenye majibu matatu: siku zote, ikiwa kwenye chaji tu, au kamwe. Simu za mtumba nyingi nilizoshika zilikuwa kwenye jibu la pili. Simu mpya hazina swali hilo tena.

Sasa kisa changu. Nilifunga Wi-Fi ya vocha kwenye hosteli ya wanafunzi Morogoro, ghorofa tatu, rauta moja ya MikroTik ya kusimamia vocha na visambazaji kila ghorofa. Wiki ya kwanza watu walifurahi. Wiki ya pili yakaanza maneno: "Wi-Fi ya fundi inakula vocha." Mwanafunzi anaingiza namba ya vocha, anaperuzi, anaweka simu pembeni asome. Akiishika tena anakuta ukurasa wa kuingiza vocha umerudi. Wengine hata hawakuona ukurasa huo: simu ikigundua Wi-Fi haina intaneti inahamia kwenye data kimyakimya, na asubuhi bando limeisha. Mama mwenye hosteli akaniita, akaniambia kwa upole ule unaouma kuliko matusi: "Mwanangu, hawa watoto wanasema unawaibia."

Nikafanya kama unavyotaka kufanya wewe. Nikasema mawimbi ni dhaifu. Nikamshauri mama anunue visambazaji viwili vipya, nikavifunga Jumamosi nzima. Mawimbi yakajaa mpaka vyooni. Jumapili jioni malalamiko yakawa yale yale.

Ndipo nikafanya nilichotakiwa kufanya siku ya kwanza, nikafungua kumbukumbu za matukio kwenye rauta. Mstari baada ya mstari, watumiaji walikuwa wanatolewa kwa sababu moja: keepalive timeout. Maana yake rauta ilikuwa inazigongea simu kila mara kuuliza "upo?", na simu isiyoitika kwa muda uliowekwa inahesabiwa imeondoka na inatolewa. Muda unaokuja na kifaa kwenye wasifu wa watumiaji wa vocha ni dakika 2. Kwa mgahawa ambao mtu akitoka hutaki aendelee kuhesabiwa, dakika 2 zina mantiki. Kwa hosteli ambayo simu inalala juu ya kitanda, ni balaa. Kosa lilikuwa langu, niliuacha muda ule kama nilivyoukuta.

Nikaupandisha hadi dakika 30. Nikawasha pia ile inayoifanya rauta ikumbuke kifaa kwa anwani yake ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya redio yake ya Wi-Fi, ili simu ikirudi isiombwe vocha upya. Makelele yakaisha siku ile ile.

Lakini usikimbilie kuweka saa 24. Vocha zangu za kwanza zilikuwa zinahesabu muda ambao mtu yuko hewani. Ukirefusha subira ya rauta, mwanafunzi aliyekwenda darasani na simu yake anaendelea kuhesabiwa mpaka subira iishe. Nikapata kundi jipya la walalamikaji, na safari hii walikuwa na haki. Mwishowe nikabadili vocha zikawa za siku, zikianza kuhesabu zinapoingizwa tu, na hapo dakika 30 hazikumuumiza mtu.

Na hiyo anwani ya MAC ina vituko vyake. Android tangu toleo la 10 na iPhone tangu iOS 14 hazitoi anwani halisi ya kifaa, zinabuni nyingine kwa kila mtandao. Kwa kawaida ile ya kubuni inabaki hiyo hiyo kwa mtandao husika, kwa hiyo rauta inaikumbuka. Ila kwenye iPhone mpya kuna chaguo la anwani inayobadilika mara kwa mara. Ukiliwasha kwenye mtandao wa vocha, ipo siku utaamka rauta inakuona mgeni, na vocha yako bado "inatumiwa" na wewe wa jana. Kwenye mtandao wa nyumbani au wa hosteli unaoufahamu, iweke isiyobadilika.

Kwako wewe hakuna vocha, najua. Lakini rauta ya nyumbani nayo ina saa zake, na hapa ndipo nakuomba uwe na kalamu. Andika muda unaokatika. Ikikatika dakika chache baada ya kuzima kioo, kila mara, rudi kwenye betri ya simu. Ikikatika kwa vipindi sawasawa, tuseme kila saa, hata ukianza kuitumia muda tofauti, shuku rauta.

Kwa nini kila saa? Inabidi ujue simu inavyolala ikiwa bado imeunganishwa. Rauta hupiga mbiu takriban mara kumi kwa sekunde, kila baada ya milisekunde 102.4 kwa hesabu ya kawaida. Ndani ya mbiu kuna orodha ya wenye mizigo iliyowekwa. Simu iliyolala hainyanyuki kwa kila pakiti, inafungua jicho mbiu inapolia, inasoma kama imo kwenye orodha, haimo inalala tena. Baada ya idadi fulani ya mbiu huja moja maalumu, na hapo ndipo hutolewa matangazo ya wote. Mpaka hapo kila kitu ni kizuri, na betri inapona. Tatizo ni kwamba rauta hubadilisha ufunguo wa pamoja wa matangazo hayo kila baada ya muda, na rauta nyingi zimewekwa sekunde 3600. Kila unapobadilishwa, kila simu lazima iitikie kwamba imeupokea. Simu nzito ya usingizi isipoitikia baada ya kuitwa mara kadhaa, inafukuzwa. Laptop haifukuzwi kwa sababu iko macho.

Kwenye rauta yako tafuta muda wa kubadili ufunguo wa kundi, kwenye ukurasa ule ule wa nenosiri la Wi-Fi, uongeze hadi sekunde 86400, yaani mara moja kwa siku. Anayetumia OpenWrt, mfumo huria unaowekwa kwenye rauta, aangalie pia chaguo linaloitwa disassoc_low_ack. Linafukuza kifaa kisichokiri kupokea pakiti, na simu ikisinzia vibaya inaonekana kama hiyo. Weka 0. Nilimfanyia shemeji yangu mmoja, tangu siku hiyo hajanipigia simu usiku.

Saa ya pili ya rauta ni ya kukodisha anwani ya IP, yaani namba ambayo kifaa kinatambulika nayo kwenye mtandao. Simu haimiliki anwani, inapangishiwa, na muda wa kuomba kuongezewa ni nusu ya mkataba. Niliwahi kukuta ofisi moja mkataba ni dakika 10, maana yake kila dakika 5 simu iliyolala inatakiwa iamke ikaombe. Nyumbani kwenye vifaa vinane weka saa 24 usiwaze. Hosteli usifanye hivyo, maana mtandao wa kawaida wa 192.168 una anwani zisizofika 255, wageni wakipita wengi zinajaa.

Kama kukatika kwenyewe huna uhakika nako, ipigie simu pingi, yaani hodi ndogo za kuuliza "upo?", kutoka kwenye laptop. Tafuta anwani ya IP ya simu kwenye mipangilio ya Wi-Fi, kisha kwenye Windows andika ping -t ikifuatiwa na anwani hiyo, uzime kioo cha simu, uangalie. Majibu yatapanda kutoka milisekunde chache hadi mia na kitu, mia mbili, mia tatu. Usishtuke, ni simu inayosubiri mbiu. Yakikoma kabisa, fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa kwenye rauta. Simu ikiwa bado imo, unganisho lipo na usingizi ni wa ndani ya simu. Ikiwa imetoka, ama imejiondoa ama imefukuzwa, na kumbukumbu za rauta zitakwambia ni lipi.

Jambo la mwisho, la wale ambao pingi inaonyesha kila kitu kizima lakini meseji bado zinachelewa kwenye Wi-Fi moja tu, kwa mfano ya kazini. Ile njia ya kwenda Google inakaa kimya muda mrefu, na rauta zenye papara hufuta miunganisho iliyokaa kimya bila kuiambia simu. Google wenyewe wanashauri wasimamizi wa mitandao waivumilie njia hiyo kwa dakika 30 au zaidi. Ukiwa na mamlaka juu ya rauta hiyo, rekebisha. Kama huna, mpelekee fundi wa ofisi aya hii.

Kwa hiyo mkuu, hela ya rauta ibaki mfukoni kwanza. Fanya usiku wa chaji na usiku usio na chaji, andika saa zilizokatika, halafu urudi hapa na aina ya simu, toleo la Android, na picha ya ukurasa wa kumbukumbu za rauta. Nenosiri lifiche.